Galoni Yangu ya Shaba

Jumatatu, 3 Julai 1995

Nimefungua maji saa kumi na mbili, nimefunga saa mbili. Kama jana, kama juzi. Mwenyekiti wa kijiji amepita, ameangalia bomba, ametikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Haelewi kitu.

Sanduku la valvu limefika toka Ngara mjini. Zawadi ya Marekani. Mbao zake nzuri kuliko mlango wa chumba changu. Valvu sita: mbili za hapa Murukulazo, nne za Nyamahanga kule Biharamulo. Mhandisi wa shirika la misaada, kijana wa Kizungu mwenye ramani ya rangi nne, kakaa nazo robo saa, kanywa soda, kaondoka. Kwenye ramani yake kaandika Kv 12. Kwenye kibati cha valvu pamechongwa Cv 12. Kaona kumi na mbili hapa na kumi na mbili pale, karidhika. Herufi hazikumhusu.

Aliyeziona ni Faustin. Huyu ni mkimbizi, analipwa posho kuandika daftari la maji. Anasema kwao alikuwa mtu wa bomba, mjini, miaka kumi na mitano. Kila mkimbizi kwao alikuwa mkubwa. Bado sijakutana na aliyekuwa mpagazi. Miwani yake imefungwa kwa waya. Akaniambia kwa adabu zote, "Bwana Gervas, hiyo si namba yetu. Zidisha kwa nukta nane sita tano." Nikamuuliza hiyo nukta nane sita tano inatoka wapi. Hajui. Ilikuwa kwenye jedwali, na jedwali limebaki kwao.

Namba isiyo na mzazi. Nimemwambia akaandike daftari lake.

Jumanne, 4 Julai

Nimekokotoa mwenyewe. Naweka hatua zote hapa, asije mtu siku moja akasema Gervas alibahatisha.

Namba ya Kv inasema mita za ujazo ngapi zinapita kwa saa moja presha ikishuka bar moja. Namba ya Cv inasema galoni ngapi zinapita kwa dakika moja presha ikishuka paundi moja kwa inchi ya mraba. Jambo lile lile kwa vipimo viwili. Galoni ni lita nne na nusu na kidogo. Debe ni galoni nne, hata mtoto wa kwetu Kanazi anajua. Basi galoni kumi na mbili kwa dakika ni lita hamsini na nne na nusu. Kwa saa, lita 3,273. Hiyo ni kwa paundi moja tu. Bar moja ina paundi kumi na nne na nusu, lakini maji hayakui sawa na presha, yanakua kwa kipeuo chake cha pili, yaani mara 3.81. Jibu: lita 12,470 kwa saa.

Kumi na mbili na nusu. Karibu sawa na ramani. Mzungu kapatia akiwa amefumba macho. Faustin kakosea macho wazi na miwani juu yake. Sijui nani nimdharau zaidi.

Toka tenki la juu hadi tenki la kijiji kuna mteremko wa mita kumi, ambao ndio bar moja. Bomba ni fupi na nene. Kwa hiyo valvu peke yake ndiyo inayoamua. Saa mbili kila asubuhi zitatoa lita 24,940. Ahadi yetu kwa kijiji ni 24,000: kaya mia sita, madumu mawili mawili ya lita ishirini. Kwa ahadi hiyo walikubali bomba la kambi ya wakimbizi likatize migomba yao. Mimi ndiye niliyesimama mkutanoni nikatoa neno, maana shirika halikuwa na mtu mwingine anayejua Kihangaza na presha kwa pamoja.

Ziada ya lita mia tisa. Wanakijiji wa namna hii hawastahili, lakini watapata.

Nimeifunga valvu mpya kwenye bomba. Jioni nimeisugua galoni yangu ya shaba kwa majivu. Ilikuwa stoo ya Idara ya Maji tangu enzi za Mwingereza, ina mhuri wa taji chini ya mdomo. Walipotaka kuitupa niliiomba. Nimejifunzia kazi kwa chombo hicho. Mhandisi wa ramani hajawahi kushika kipimo mkononi, nina hakika.

Ijumaa, 7 Julai

Malalamiko. Nilijua yatakuja, hapa watu hulalamika hata mvua ikinyesha.

Kitongoji cha mwisho kwenye foleni kimekosa maji siku tatu mfululizo. Foleni inakwenda kwa vitongoji, wa karibu kwanza, wa mbali mwisho. Wamerudi na madumu matupu, wakateremka bondeni kuchota maji ya matope. Bibi mmoja wa kitongoji hicho kanifuata hadi stoo. Nikamwamkia shikamoo, akajibu marahaba kwa kunung'unika, kisha: "Fundi, maji yako yanaishia kwa wenzetu. Sisi tunaramba koki." Nikamwambia maji yapo ya kutosha na ya kubaki.

Anayeshika funguo za koki ni Perpetua, mjane wa mdogo wangu. Alipata kazi hii kwa neno langu. Tangu mazishi hatuna maneno mengi. Alitaka kurudi kwao hapa Murukulazo na watoto wa ndugu yangu, nikakataa, akarudi. Mwanamke mkaidi. Nikampa kazi ili watu wasiseme.

Kaya themanini hazina maji. Hesabu yangu haina kosa. Kuna mtu ana mkono mrefu.

Jumatatu, 10 Julai

Nimefuata bomba toka juu hadi chini, hatua kwa hatua. Kiangazi hiki tone moja likivuja udongo utakuambia. Pakavu kote. Vumbi jekundu mpaka magotini.

Kisha nikaenda kwa Perpetua. Anakaa kwenye kilango cha kutokea, miguuni ana kibuyu na mfuko wa maharage. Kila dumu likipita anadondosha punje moja kibuyuni. Mwisho wa zamu anamwaga kwenye mkeka, anahesabu kwa kumi kumi. Mwaka 1995. Shirika lilimpa daftari na kalamu. Daftari amempa mwanawe akaandikie shuleni.

Punje za leo: 1,040. Za jana yake: 1,039. Za juzi: 1,041.

Kwa hesabu yangu dumu zinazoingia tenkini ni 1,247. Pungufu ya dumu mia mbili na saba kila asubuhi. Nikamwambia. Hakupandisha sauti. "Shemeji, mimi nahesabu yanayopita. Yasiyokuja siwezi kuyahesabu." Nikamwambia hesabu ya maharage ni ya wapika maharage. Waliokuwa karibu wakacheka. Nilifurahi walipocheka.

Jumanne, 11 Julai

Maneno yameenea. Eti baiskeli za kambini zinaonekana njiani kabla hakujapambazuka, zimebeba madumu. Eti Perpetua ana kitenge kipya. Kitenge nimekiona. Kinaonekana kipya kwa sababu amekitia bluu ya kufulia.

Faustin kanivizia stoo. Kaniuliza: dumu mia mbili kila asubuhi, mwanamke mmoja anazificha wapi? Nikamwambia wezi wa maji hawafichi, wanauza kwenu. Akarudia ile nukta yake nane sita tano, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Nikamfukuza.

Mkimbizi anifundishe valvu. Kisha anifundishe na kuvaa viatu.

Jumatano, 12 Julai

Nimeandika ripoti. Sentensi nne. Valvu imekokotolewa. Bomba halivuji. Upungufu ni zaidi ya lita elfu nne kwa siku. Upungufu huo unatokea baada ya tenki, chini ya mikono ya msimamizi wa koki.

Mwandiko wangu ni mzuri. Mhandisi kasoma, kasema asante. Mwenyekiti kasomewa, kasema alijua tangu mwanzo. Alijua nini, mtu asiyejua tofauti ya presha na upepo?

Mchana wamemwita Perpetua mbele ya wazee wa kijiji. Ripoti ikasomwa. Nilikuwepo. Aliulizwa ana la kusema. Akasema maharage yapo nyumbani, siku zote saba, kila siku kwenye kitambaa chake, waje wahesabu. Hakuna aliyekwenda. Akaweka funguo mezani. Hakuniangalia.

Alhamisi, 13 Julai

Nimelala vizuri. Naandika hivyo kwa sababu nilidhani sitalala.

Jumamosi, 15 Julai

Jumuiya ya Wakristo wa kitongoji husali nyumba kwa nyumba, kila Jumamosi asubuhi nyumba inayofuata. Leo ilikuwa zamu ya Perpetua. Wameiruka. Wamepita mbele ya ua wake na rozari mkononi, wakaimba, wakaenda nyumba ya pili yake. Alikuwa amefagia. Alikuwa ameweka kigoda na picha ya Bikira na maua ya njano kwenye kopo. Watoto walikuwa wamevaa sare za shule maana hawana nyingine nzuri.

Nimeona kwa macho yangu, nilikuwa napita kwenda kwenye valvu. Alisimama mlangoni mpaka wimbo ukawa mbali. Kisha akaingiza kigoda ndani.

Huku kwetu unaweza kuugua, kufilisika, kufiwa, na jumuiya itakuja. Kurukwa ni kitu kingine. Nyumba iliyorukwa hata moto haiombwi na majirani.

Tulipokutana njiani hakuniamkia. Miaka kumi na minane amekuwa akiniamkia.

Jumatatu, 17 Julai

Msimamizi mpya ni shemeji yake mwenyekiti. Mtu wa miaka arobaini, ana kofia ya shirika aliyopewa sijui kwa kazi gani. Anakaa kwenye kiti kilangoni, anapokea shikamoo za wanawake. Hahesabu. Nilipomuuliza dumu ngapi zimepita, akajibu, "Nyingi, Fundi."

Kitongoji cha mwisho kimekosa maji.

Wamekuja wanane stoo, bibi yule mbele. Safari hii hawakunung'unika. Wameweka madumu matupu chini, mstari mzima, wakaondoka. Nimebaki na madumu kumi na sita mlangoni.

Basi huyu naye mwizi. Hilo ndilo wazo langu la kwanza na naliandika lilivyo. Kwa wiki mbili nimewaona watu wote wezi au wajinga na sikuona ajabu.

Jumanne, 18 Julai

Nimekaa kilangoni mwenyewe tangu asubuhi, kalamu na karatasi, nikamfukuza mwenye kofia. Vijistari vitano vitano. Mchana tenki limekauka. Nimejumlisha mara tatu.

1,038.

Maharage yake yalisema 1,040.

Nikafikiri, labda hao wa kambini wanaiba juu, kabla ya tenki. Lakini juu nipo mimi.

Jumatano, 19 Julai

Nimegeuza kiwiko cha bomba kikamwaga nje ya tenki, nikaweka chini yake pipa la lita mia mbili. Saa ya mkononi. Kwa kumi na mbili na nusu pipa lapaswa kujaa kwa sekunde hamsini na nane.

Sekunde sitini na tisa.

Nikamwaga, nikarudia. Sitini na tisa. Nikatazama pipa, labda limevimba. Halijavimba. Nikaazima saa ya Faustin, maana yangu ni ya zamani. Sabini. Faustin alisimama pembeni na saa yake kiganjani. Ningependa angesema neno.

Maji yale yalitoka kwenye valvu, yakaingia kwenye pipa. Hapakuwa na Perpetua katikati.

Nikarudi stoo, nikafanya hesabu upya. 12,470. Nikafanya tena. 12,470. Hesabu yangu ni nzuri mno. Nilitaka kuichana.

Alhamisi, 20 Julai

Leo jenereta ilitaka oili. Oili za jenereta nazo hutoka Marekani, kama valvu, katika vyombo vya plastiki vyenye mkono. Vimo stoo tangu Mei. Kila siku navipita. Leo nikamimina kimoja mpaka kikaisha, nikakigeuza kutafuta tarehe. Pembeni pameandikwa: galoni moja. Chini yake, kwa herufi ndogo: lita 3.785.

Nikasema wamekosea kuandika. Kweli nilisema hivyo, kwa sauti, peke yangu stoo. Watu wa Marekani hawajui ukubwa wa galoni yao wenyewe, ila Gervas wa Kanazi anajua.

Nikakiosha kwa sabuni. Nikajaza galoni yangu ya shaba maji mpaka mdomoni, nikaanza kumimina. Chombo cha plastiki kikajaa. Yangu ilikuwa bado na maji. Yakamwagika kwenye viatu. Nikaanza tena na kikombe cha chai pembeni kupima kinachobaki: vikombe vitatu.

Vikombe vitatu katika kila galoni. Galoni ya Mwingereza ni kubwa, galoni ya Mmarekani ni ndogo, na valvu ni ya Mmarekani. Miaka thelathini ya kazi, na nilipoona galoni sikuuliza ya nani. Kwa kuwa debe ni galoni nne. Kwa kuwa kipimo changu kina taji.

Nikakokotoa kwa galoni ndogo. Kumi na mbili mara 3.785, mara sitini, mara 3.81. Lita 10,383. Kwa saa mbili, 20,766. Gawanya kwa ishirini: dumu 1,038. Punje mbili pungufu ya za Perpetua, na hizo mbili nazifuta, dumu hazijazwi sawa.

Kisha nikagawa 10.38 kwa 12. Ikatoka nukta nane sita tano. Hiyo hapo. Na mzazi wake.

Nimemwita Faustin nikamwonyesha. Nilingoja anicheke. Nilimtukana mtu huyu mbele ya watu na nilingoja malipo yangu. Akavua miwani, akasoma hatua kwa hatua, akafika chini. Akasema, "Sasa najua inatoka wapi." Alifurahi. Alifurahi kwa namba. Akaomba kuinakili kwenye daftari lake ili isipotee tena.

Mpumbavu wa stoo hii ninamjua sasa na havai miwani.

Ijumaa, 21 Julai

Nimemweleza mhandisi. Kaelewa haraka, hilo nampa. Kapiga hesabu kwenye kiganja: tukiacha maji wazi dakika ishirini zaidi, kijiji kinapata lita zake elfu ishirini na nne. Dakika ishirini tu. Kambi haitaona tofauti. Kakubali papo hapo, kaandika kwenye ramani.

Dakika ishirini. Ndizo zilizomtoa mtu kwenye sala.

Kuhusu ripoti, kasema tuandike valvu ilikuwa mbovu. Valvu haina ndugu, haitaumia. Nilipomuuliza Kv yake ya kwenye ramani ilitoka wapi, akaona haya kidogo, kisha akakumbuka gari linamngoja.

Mwenyekiti naye. Huyu kanikalisha kwenye kiti kizuri. "Fundi, mambo yameshapoa. Mama yule ameshazoea kukaa nyumbani. Ukisema wewe ulikosea, kesho watasema na bomba lisingepita kwenye migomba. Sema valvu." Shemeji yake ana kofia na kiti, hiyo ndiyo hofu yake yote. Mtu mzima ananiomba nidanganye kwa ajili ya kiti.

Na mimi nilikaa kwenye kiti chake dakika nzima nikifikiria. Naandika hilo pia. Neno "valvu mbovu" lilikuwa tamu. Hakuna ambaye angejua ila Faustin, na Faustin ni mkimbizi, nani angemsikiliza.

Nani angemsikiliza. Hivyo ndivyo tulivyofika hapa.

Jumatatu, 24 Julai

Nimefungua saa kumi na mbili. Nimefunga saa mbili na dakika ishirini. Faustin alisimama na saa.

Kisha nikateremka kwenye foleni nikiwa na galoni ya shaba mkono mmoja na chombo cha oili mkono mwingine. Wanawake mia tatu hivi, na wazee, na mwenyekiti aliyekuja mbio kuniwahi. Nikapanda kwenye mawe ya kuwekea pipa. Sikuanza vizuri. Nilianza na presha na kipeuo cha pili, wakaniangalia kama mgonjwa. Nikaacha. Nikajaza galoni yangu kwenye koki, nikamimina kwenye chombo cha oili mbele yao. Kikajaa. Nikaendelea kumimina. Maji yakamwagika miguuni pangu mbele ya watu wenye madumu matupu.

Nikasema: valvu inapima kwa hiki kidogo. Mimi nilipima kwa hiki kikubwa. Maji mnayoyakosa hayakuibwa, hayakuwahi kuja. Perpetua alihesabu sawa. Mwenye kosa ni mimi, na ripoti niliandika mimi.

Bibi wa kitongoji cha mwisho akasema, "Yaani yule mama wa watu ameaibishwa kwa ajili ya hilo kopo?" Nikamwambia kopo halina kosa. Akasema, "Najua. Kopo halikwenda kwa wazee kusoma karatasi."

Wakacheka. Safari hii sikufurahi.

Mwenye kofia aliendelea kukaa kwenye kiti. Bibi yule akamwondoa kwa kukisogelea tu na dumu lake.

Leo kitongoji cha mwisho kimepata maji. Dumu la mwisho lilijaa na tenki likabaki na unyevu chini. Nimehesabu: 1,198. Nilihesabu kwa vijistari. Nilitamani ningekuwa na maharage.

Jumanne, 25 Julai

Nimekwenda kwa Perpetua. Ua umefagiwa. Hakuniambia karibu, nikakaa kwenye gogo nje. Funguo nikaziweka juu ya gogo. Nikasema nilichokuja kusema, kifupi, nilikuwa nimekipanga njia nzima. Alikuwa anachambua mchele, hakuacha.

Aliposema, alisema moja tu. "Shemeji, ulijua dumu mia mbili haziwezi kufichika. Wewe si mjinga. Ulitaka tu iwe mimi."

Nimetembea kurudi. Nilitaka kubisha. Njia nzima nikatafuta pa kubishia.

Ijumaa, 28 Julai

Perpetua amerudi kilangoni. Mkeka, kibuyu, mfuko. Kiti amekitoa, anakaa chini.

Daftari jipya la shirika nimemkabidhi Faustin. Kaandika safu ya kwanza valvu, safu ya pili maharage. Zinakwenda pamoja.

Valvu nne za Nyamahanga zimeondoka leo na lori kwenda Biharamulo. Kwenye kila kibati nimebandika karatasi kwa gundi ya bomba: zidisha kwa 0.865. Chini yake nimeandika galoni ni ya nani. Mhandisi aliuliza kama ilikuwa lazima. Nikabandika ya nne.

Jumamosi, 29 Julai

Jumuiya imesali kwa Perpetua. Wamerudi nyuma kwenye mpangilio wao, jambo ambalo hawajawahi kulifanya. Hawakueleza kwa nini, walikuja tu, wakaimba, wakakaa. Wengine waliotangulia kumsema ndio walioimba kwa nguvu zaidi. Ninawajua kwa majina. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na kuku. Siendi sala hizi na kila mtu anajua siendi, kwa hiyo kila mtu alinitazama.

Baada ya sala akagawa uji. Wangu ulikuwa wa mwisho. Ulijaa sawa na wa wengine.

Nilikuwa nimebeba galoni ya shaba kwenye mfuko. Nilipanga kuitupa bondeni nikirudi, nikaona upuuzi, nikaitoa nikaiweka karibu na mlango. Perpetua akaiona. Akaiinua, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mhuri wa taji. Akauliza ni nzima. Nikasema ni nzima, haina tundu. Akauliza kama naitumia. Nikasema hapana.

"Kwa maharage itafaa," akasema.

Akaingia nayo ndani. Nikasikia punje zikimiminwa, zikigonga shaba, mpaka sauti ikazibika. Watoto wa ndugu yangu wakaniaga kwa shikamoo. Nimerudi kwa miguu, kumekauka, kesho nafungua saa kumi na mbili.